Homa yangu ya Butiama ingeniua Gesima

Wasee wangu, nimesoma komenti zenu zote chini ya ile video ya Butiama. Zote. Nilikaa nazo jana usiku mpaka bando ikaisha. Wengi mlisema pole, wengine mkasema Watanzania ni watu wazuri, wengine mkaniuliza kama nilirudi na mchumba. Sawa. Lakini komenti iliyopata mioyo mingi kuliko zote, ile iliyo juu kabisa, imeandikwa na kijana wa hapa kwetu na inasema hivi: "Shukuru ulipotelea TZ. Ungeingia boma la watu Gesima saa nane usiku hivyo, ungechomwa kwanza, jina uulizwe baadaye." Halafu emoji tatu za kucheka. Chini yake watu ninaowajua, watu tunaopanda nao matatu pale Keroka, wanajibu "ukweli mtupu" na wao pia wanacheka.

Hii posti ni yenu nyinyi mliocheka. Na ni yangu pia, kwa sababu nilicheka kama sekunde mbili hivi kabla sijaelewa nacheka nini.

Kwa wale hawakuona video, wacha nieleze. Agosti mwaka jana nilitoka Gesima na begi moja, tripodi na simu mbili. Keroka, Kisii, Migori, Isebania, nikagongewa pasi, nikavuka upande wa Sirari na kushika basi la Musoma. Nilikuwa nataka kuanza mfululizo wa video kuhusu nyumbani kwa viongozi wa kwanza wa Afrika Mashariki, na Butiama ndio kwao Mwalimu Julius Nyerere. Alizaliwa pale 1922 na kaburi lake liko pale. Kuna makumbusho, na kuna mawe makubwa ya Mwitongo ambayo kwa kamera jioni yanatoka vizuri sana. Unashuka Makutano kwa ile barabara ya kwenda Mwanza, unachukua bodaboda, umefika.

Jambo moja niliseme mapema, kwa sababu kuna wajuaji wameandika "Tanzania imekupa malaria." Hapana. Malaria haikushiki leo ukaugua leo. Siku 11 kabla ya hiyo safari nilikuwa nimelala Muhuru Bay, Kaunti ya Migori, bila neti, nikishuti wavuvi wa usiku. Hesabu mwenyewe. Huyo mbu alikuwa Mkenya. Mimi nilimpeleka Tanzania mgonjwa mzima bila kulipia ushuru.

Nilifika gesti jioni, gesti ndiyo wanaita lojing'i huko, na kichwa kilikuwa kinagonga. Viungo vyote vilikuwa vinauma kama mtu aliyechuma majani chai siku nzima kwenye mvua. Nikasema ni uchovu wa basi. Nikameza dawa za maumivu, nikaweka simu kwa chaja, nikalala na viatu.

Sehemu inayofuata sikumbuki. Naijua kwa sababu niliambiwa. Wakati fulani usiku nilitoka gesti bila shati, kwa sababu mwili ulikuwa unawaka. Viatu nilikuwa nimevaa kimoja. Nilitembea, hakuna anayejua kwa muda gani, nikaingia kwa boma la watu nisiowajua, nikaanza kusukuma mlango wa nyumba nikipiga kelele. Sikuwa naongea Kiswahili. Nilikuwa naongea Ekegusii, tena nilikuwa naita "Baba! Baba!"

Wasomaji wangu wa Pwani na wa Tanzania, ngojeni niwaeleze. Kwetu "baba" ni mama. Baba mzazi tunamwita "tata." Kwa hivyo mimi mtu mzima wa miaka 22, mwenye ndevu, nilikuwa namwita mama yangu aliyeko Gesima.

Mzee wa ile nyumba alitoka na tochi mkono mmoja na panga mkono mwingine. Sikilizeni hapo kwa panga, kwa sababu kuna mtu atasema wale watu ni wapole tu kwa asili. Mkoa wa Mara unajulikana kwa wizi wa ng'ombe. Yule mzee alikuwa na ng'ombe nyuma ya nyumba na alikuwa na kila sababu ya kunikata. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alipofungua mlango alikuwa tayari. Halafu akanimulika, akaona kijana anatetemeka, hana shati, anaita baba. Akajibu, "Nipo mwanangu. Nipo hapa."

Panga akampa mkewe arudishe ndani.

Mke wake ni mwenyeji wa Tarime, Mkurya, na Kikurya na Ekegusii ni lugha za ukoo mmoja. Alisikia mle ndani ya fujo yangu kwamba naomba maji. Nikapewa maji. Nikafutwa kwa kitambaa. Wakamwamsha kijana wa bodaboda wa jirani, nikakalishwa katikati kama gunia, mzee nyuma akinishika kifua, tukaenda kituo cha afya. Kipimo kikaonyesha malaria, tena ile kali. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Nikawekewa dripu, nikapigwa sindano ya atesuneti, nyingine baada ya saa 12, nyingine kesho yake. Muuguzi alipouliza ndugu wa mgonjwa ni nani ili aandike kwa daftari, yule mama alisema, "Mimi."

Hajui jina langu, hajui kwetu. "Mimi."

Mzee alilipa zile pesa za kwanza, shilingi 20,000 za kwao, kama elfu moja yetu hivi. Mama alileta uji asubuhi na jioni kwa siku mbili, na alikuwa anasimama pale mpaka kikombe kiishe. Nilipopata fahamu nikajaribu kusema shikamoo, nikaikosea, wakacheka sana. Nilipotaka kurudisha pesa mzee alikataa, nikaziacha kwa yule kijana wa bodaboda amfikishie baada ya mimi kupanda basi. Kitu pekee alichoniomba ni nikifika nyumbani nimsalimie baba. Nikamweleza ile maana ya "baba" kwetu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi msalimie huyo huyo uliyekuwa unamwita."

Hiyo ndiyo hadithi mliyoipenda. Sasa turudi kwa komenti.

Wacheni nipange dalili zangu za usiku ule jinsi mtu wa kwetu angeziona. Mtu hajulikani. Saa nane usiku. Hana nguo za juu. Anasukuma mlango wa watu. Anaongea maneno yasiyoeleweka. Ukimuuliza anatoka wapi hawezi kusema, ukimuuliza anafanya nini hapo hajui. Macho mekundu. Si hiyo ndiyo orodha yenu kamili ya omorogi? Kila kitu ambacho yule muuguzi aliandika kwa daftari kama ugonjwa, hapa kwetu ni ushahidi wa kesi, na hukumu inatoka kabla jogoo hajawika.

Na si utani, ndiyo maana zile emoji zimenikera. Mei 2008, huko Kisii, watu 11 walichomwa hadi kufa kwa kuitwa wachawi, wengi wao wanawake wazee. Oktoba 2021, Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na nyumba zao zikachomwa. Hizi ni zile zilizofika kwa magazeti. Mimi nilikuwa shule ya upili wakati wa hiyo ya Marani, na nakumbuka bwenini tulizungumza usiku mzima kama ni kweli walikuwa wachawi. Hakuna mtu aliyeuliza kama kuna mmoja wao alikuwa mgonjwa. Hata mimi. Lilikuwa swali la rahisi kabisa na halikutokea kwa kichwa cha kijana yeyote kati ya sisi arobaini.

Mzee akifika miaka 75, 80, kuna ugonjwa wa ubongo unaitwa dimensha. Anasahau. Anaamka usiku akidhani ni mchana, anatoka kwenda kwao, na "kwao" ni boma la baba yake alikozaliwa, ambalo sasa ni shamba la watu wengine. Anaingia pale kwa sababu kwa akili yake pale ni nyumbani. Anasukuma mlango. Pengine anamwita mama yake kama mimi nilivyokuwa nikimwita wangu. Mwenye kisukari sukari ikishuka anaweza kuongea ovyo. Mtu aliyepigwa na kiharusi mdomo unapinda na maneno hayatoki. Malaria kali mnaijua sasa. Hawa wote ni wasafiri, hata kama wamepotea mita mia mbili tu kutoka kwao. Wako ugenini. Na ugenini wenyewe ni kwetu.

Halafu sisi ndio tunajiita watu wakarimu! Na mchana ni kweli, siwezi kukana. Mgeni akifika Gesima saa nane mchana atakunywa chai mpaka aombe msamaha. Atapewa ugali wa wimbi na chinsaga, atarudi na mkungu wa ndizi na avokado za kujaza begi. Mama yangu hawezi kuacha mtu apite mlangoni bila kikombe. Lakini mgeni wa kumpa chai mchana ni rahisi, amekuja amechana nywele, anajua jina lake, na anajua atarudi lini. Huyo hahitaji ukarimu wako sana, angeweza kunywa chai hotelini Keroka. Anayeuhitaji ni yule wa saa nane usiku, na huyo tunamtolea petroli.

Najua majibu yenu, nimeshayaona. "Umeenda Tanzania siku nne umerudi kutuambia Watanzania ni malaika." Sijasema hivyo. Saa chache kwa basi kutoka Butiama, upande wa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa miaka na miaka kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa huko kama wanyama. Kwa hivyo hapana, siuzi Tanzania hapa. Na kuna kitu kinachoninyima usingizi zaidi ya komenti zenu: mimi nilikuwa kijana wa kiume. Kama aliyesukuma ule mlango angekuwa bibi wa miaka 78, macho mekundu, bila nguo ya juu, sijui kama mzee angesema "nipo mwanangu." Nataka kuamini angesema. Nilimpigia simu mwezi uliopita nikamuuliza hasa hilo. Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Ningeogopa zaidi. Lakini tochi ningewasha."

Mimi naweza kufanya kazi na jibu hilo. Mzee hakusema yeye hana woga wala hakusema uchawi haupo. Alisema atawasha tochi.

Jibu lenu la pili ni "uchawi upo, wewe mtoto wa juzi hujui." Sawa, tuseme upo. Sibishani na wewe leo. Nionyeshe tu ni kipimo gani ulichotumia usiku huo kutofautisha mchawi na mgonjwa wa sukari. Kule Butiama walikuwa na kile kipimo kidogo cha tone la damu, majibu yakatoka hata sijakaa vizuri kwa kitanda. Wewe ulikuwa na nini? Ulikuwa na umati. Hata ile Sheria ya Uchawi ya Kenya, ambayo ni ya 1925, ya mkoloni, na yenyewe inachukulia kwamba wachawi wapo, inafanya kuwa kosa kwenda kumtangaza mtu mchawi kwa majirani badala ya kupeleka neno lako kwa wenye mamlaka. Yaani hata sheria inayoamini uchawi haikukupa ruhusa.

Na wale wa "masomo yamekuharibu": mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliisha na hamu pia ikaisha, mama yangu hajanisamehe mpaka leo. Hakuna masomo hapa. Kuna homa tu.

Tena tuongee ukweli kuhusu mashamba. Gesima hakuna ardhi. Sisi kwetu ni nusu ekari na ndugu wanne. Mara ngapi umesikia mjane mzee ameitwa omorogi na hana mtoto wa kiume wa kumtetea, na kipande chake kiko katikati ya vipande vya shemeji? Sitaji mtu. Nyinyi mnajua zaidi yangu. Nasema tu kwamba uchawi wa kwetu una macho ya kuchagua, na haupendi kuchagua tajiri mwenye ukuta na mbwa.

Sasa nifike mahali ambapo nilitaka kuruka.

Mwaka juzi, kabla ya Butiama, nilitumiwa klipu kwa WhatsApp. Bibi mmoja amekamatwa usiku katika boma la watu, si mbali na hapa. Amekalishwa chini, amemulikwa na simu kama kumi, leso imemwanguka, anajaribu kuifikia na kila akiifikia mtu anaivuta kwa mguu. Anauliza swali moja tena na tena na watu wanacheka. Niliikata vizuri, nikaweka muziki, nikaweka maneno "Kimeumana Nyamira" na emoji za moto. Ilifikisha watazamaji 40,000 kwa siku tatu. Ilikuwa video yangu ya kwanza kupita 10,000. Nilinunua tripodi na pesa za tangazo lililotokana na hiyo video. Ile tripodi niliyobeba kwenda Butiama.

Bibi hakufa. Mwana wake alifika kwa pikipiki akamchukua. Alikuwa ametoka nyumbani kwa binti yake usiku, akapotea. Hilo nililijua wiki iliyofuata na sikuandika popote, kwa sababu video ilikuwa bado inapanda.

Nilipokuwa nimelala kwa kile kituo cha afya, nikikumbuka vipande vya usiku wangu, nilikumbuka tochi usoni. Mwanga mweupe, siwezi kuona aliye nyuma yake. Nikajua nimeuona huo mwanga mahali. Nilikuwa nimeuona kutoka upande ule mwingine.

Kwa hivyo nikisema na wenzangu wa kontenti, nasema kama mkosaji. Ile simu unayotumia kushuti "mchawi amenaswa" inaweza kuandika "huyu mama amepotea, ni wa nani?" Ni sekunde zile zile na bando ile ile. Tuma kwa grupu la kanisa, tuma kwa la baying senta ya chai, tuma kwa la bodaboda, mpigie mzee wa nyumba kumi. Hapa kwetu kila mtu ni shemeji wa mtu. Katika dakika ishirini jina litapatikana. Wakati unangoja, mpe maji, mfunike, mkalishe ndani au barazani, usimpigie kelele. Na kama unaogopa, ogopa. Mimi pia ningeogopa. Simama mbali na tochi yako na uogope ukiwa umefunga mdomo, kwa sababu neno lile moja likitoka kwa sauti usiku, huwezi kulirudisha, na majirani wanakuja wakiwa wamebeba vitu.

Wiki mbili zilizopita nilienda kwa yule bibi. Nilitafuta binti yake kwa muda, nikampata, akanipokea mlangoni na hakunialika ndani. Nilimwambia mimi ni nani. Alikuwa ananijua, aliona video siku ile ile ilipotoka. Aliniambia kwamba mama yake alikaa miezi miwili akikataa kutoka nje hata kuota jua, na kwamba wajukuu waliacha kwenda shule moja wakahamia nyingine kwa sababu ya jina waliloitwa. Niliomba msamaha. Hakusema amenisamehe na sikuona sababu aseme.

Wakati tunaongea, bibi mwenyewe alitokea kutoka upande wa jikoni na fimbo yake. Hakunijua, bila shaka. Aliniangalia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia ukoo wetu. Akamgeukia binti yake akamkaripia, mgeni amesimama nje hivi, hajapewa hata kitu? Akanivutia kiti yeye mwenyewe. Akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu, nafikiri alisahau alichoendea, kisha akatoka na ndizi mbili mbivu akaniwekea mkononi. Baada ya dakika tano akaniuliza tena mimi ni mtoto wa nani.

Binti yake alikuwa anatazama kando.

Nimefuta ile video kwa kurasa zangu zote. Lakini watu waliipakua, na juzi nimeiona kwa ukurasa mwingine ikiwa na muziki tofauti. Ukiiona, iripoti. Ukiwa nayo kwa simu, ifute leo. Na wewe kijana wa zile emoji tatu, najua kwenu, tutaonana soko. Nitakununulia chai, utaniambia vizuri ilikuwa inachekesha wapi.